Kwa Wameksiko wenzangu mliofika Ujerumani: tortilla kwanza

Unga wa mahindi wa dukani hapa, ule wa polenta, hautashikana hata ukande hadi mikono iume. Mahindi yake hayakuchemshwa kwa chokaa, na chokaa ndiyo inayolainisha punje na kufanya donge lishikane. Tafuta masa harina, yaani unga wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, kwenye maduka ya vyakula vya Amerika ya Kilatini au uagize mtandaoni.

Vikombe 2 vya unga, kikombe 1 na nusu cha maji ya uvuguvugu, chumvi nusu kijiko cha chai. Kanda, funika kwa kitambaa kibichi dakika 30. Minya donge kiganjani: kingo zikipasuka, ongeza maji kijiko kimoja kimoja, likinata, ongeza unga. Madonge ya gramu 35, yabonyeze katikati ya vipande viwili vya plastiki. Kikaango kikavu, moto mkali: sekunde 20, geuza, dakika moja, geuza tena. Ikivimba katikati, hapo umepatia. Zifunge kwenye kitambaa zilainike, usizile zikiwa zimetoka tu motoni.

Nunua vitu Jumamosi, maana Jumapili maduka mengi hufungwa, isipokuwa yale ya stesheni kubwa. Chupa za plastiki na makopo yenye alama ya amana msitupe jamani, kila moja hurudisha senti 25 mashineni. Na muziki wa sherehe ushushwe saa nne usiku. Majirani hapa hulichukulia jambo hilo kwa uzito, na wana haki.