Mawe meusi

Jumamosi iliyopita nilikuwa nampeleka mpwa wangu ufukoni, tukapita mbele ya bustani ya hoteli ile. Akasimama. "Mjomba, mbona mawe ya hapa ni meusi?"

Mtoto wa Malindi jiwe analolijua ni tumbawe: jeupe likikatwa timboni, la kijivu likizoea mvua, lina vitundu kila mahali. Nikamwambia haya yametoka bara, kwenye milima iliyowahi kutapika moto. Akaridhika, akaendelea na ubuyu wake. Mimi ndiye niliyebaki pale getini.

Mawe hayo yalipoletwa ilikuwa Machi, kaskazi imekufa na kusi haijaanza, lile joto la kulala barazani. Simu ililia kabla ya adhana ya alfajiri. Alikuwa mzee wa bustani ile. "Mwanangu, njoo. Mafundi wamegoma. Kuna nyoka ana pembe." Nilitaka kumwuliza kama amelala vizuri, heshima ikanizuia. Pwani yetu ina koboko, ina hongo wa miembeni, ina swila, ina kifutu ambaye wengine humwita bafe. Mwenye pembe hatuna.

Nilipofika niliwakuta mafundi wamejipanga ukutani. Mmoja alishakata shauri kwamba yule si nyoka, ni kitu cha mtu, kimetumwa. Mwingine alikuwa na dumu la lita tano la mafuta ya taa. Nilimwomba alirudishe jikoni. Mafuta ya taa humuunguza nyoka ngozi na kumtoa mbio bila kujua aendako, halafu udongo unanuka wiki nzima. Hayatibu kitu.

Mawe yenyewe yalikuwa lori zima, yameshushwa siku mbili nyuma. Mabapa ya mawe ya volkano, mapana kama sinia, juu yana madoa ya kijivu na ya rangi ya chungwa ambayo huchukua miaka mingi kuota. Aliyeyachagua alikuwa na jicho zuri, na hapo ndipo penye balaa, maana nyoka naye ana jicho hilohilo. Bapa likikaa juu ya udongo kwa ncha tatu hivi, huacha upenyo wa vidole viwili chini yake. Mchana hunywa jua, usiku hulitoa polepole. Mijusi huingia humo kutafuta joto, na nyoka huwasubiri mlangoni. Nyumba na jiko ni mahali pamoja. Na mabapa hayo hayahitaji kuchimbwa: vijana wanne na mtaimbo huyaokota asubuhi moja, na ukipita barabarani mlima unauona uleule.

Jiwe la namna hii huinuliwa kwa ukingo wa mbali, likivutwa kuja kwako, ili lisimame ngao kati yako na kilichomo. Ukiinua ukingo wa karibu umejifungulia mlango miguuni. Mzee alikataa kumpa kijana mtaimbo, akaushika mwenyewe. Mimi nilikuwa na kulabu, fimbo ya chuma yenye ncha iliyopinda, niliyoifunga utepe mwekundu kila baada ya sentimita tano.

Likainuka.

Nilimwona kwa vipande. Kwanza mstari mchafu mweupe ubavuni, nikadhani ni mzizi. Kisha madoa meusi ya umbo la pembetatu juu na chini ya mstari. Kisha jicho, na juu ya jicho pembe moja, fupi, nyuma yake ya pili. Nikahisi miguu imekuwa mizito. Nilikuwa nimemsoma tu: Bitis worthingtoni, kifutu mwenye pembe wa Bonde la Ufa, aliyepewa jina hilo mwaka 1932. Duniani kote hayupo ila Kenya, na Kenya yenyewe ni kwenye miteremko ya mawe na vichaka ya Bonde la Ufa la kati, juu ya mita 1,500. Hapa tulikuwa tumesimama mita chache juu ya bahari, karibu kilomita 700 za barabara kutoka kwao, na jasho linanidondoka puani.

Akajijaza hewa akapuliza, sauti kubwa kuliko mwili wake. Kwa alama za kulabu alikuwa na sentimita thelathini na kidogo. Lakini theluthi ya nyuma ilikuwa nene isivyo kawaida. Nyoka hawa hawatagi, huzaa watoto hai, kati ya Machi na Aprili. Mzee akaniangalia, hakuuliza.

Hilo lilibadili kila kitu. Kumbana nyuma ya kichwa sikukusudia kamwe: meno ya kifutu ni marefu na hukunjuka, huweza kupenya mdomo wake mwenyewe hadi kidoleni mwako, na hakuna dawa ya sumu iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili yake. Koleo nalo huvunja mbavu. Kawaida ningemwongoza aingie kwenye mrija wa plastiki angavu, mwembamba kiasi cha kumnyima nafasi ya kugeuka, nimpime vizuri. Mwenye mimba humwingizi mrijani. Kwa hiyo kipimo chake halisi sikukipata, na bado kinanikera.

Nililaza ndoo ubavu, nikaifunika kitambaa cheusi kilicholoweshwa, mdomo wake nikauweka hatua moja mbele yake. Halafu nikangoja. Nyoka aliyetishwa kidogo hutafuta giza. Aliyetishwa sana hutafuta kuuma. Kila nilipogusa mkia kwa kulabu alisogea upana wa kidole. Hakujipinda, alikwenda kwa tumbo, moja kwa moja kama tandu aliyechoka. Mara moja alirusha kichwa kwa nguvu hata mwili karibu wote ukaruka, akaangukia palepale. Mafundi wakasema "Allah!" kwa pamoja. Dakika ishirini na tano. Jua lilikuwa limeshafika kwenye jiwe la kwanza alipoingiza mkia.

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Chumba chenye kiyoyozi, mfuko wa kitambaa ulioshonwa mara mbili, sanduku lenye matundu madogo na maandishi makubwa, hakuna chakula, maana nyoka aliyeshiba hutapika njiani. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walijulishwa kabla ya lolote, kwa sababu kumsafirisha mnyamapori bila kibali ni kosa hata nia ikiwa njema.

Kumwachia Malindi isingekuwa rehema. Angekufa kwa joto, na kama asingekufa angetuachia wadudu na maradhi ya kwao. Kumtupa popote Bonde la Ufa nako si kumrudisha. Nyoka anayejua mwamba wake akiwekwa mwamba mwingine huzurura mpaka aliwe. Tulihitaji mteremko uleule, na aliyeujua ni dereva wa lori la mawe, naye kwenye simu alisema "huko juu" mara tatu. Niliacha kumwuliza habari za vibali, nikamwuliza pancha alipatia wapi. Alieleza kwa kirefu, pancha, kijiji, kona, mti. Tukapajua.

Wenzangu wa huko waliniandikia baada ya wiki kadhaa. Alikuwa amezaa kifungoni, watoto saba, wote hai. Mteremko wakaukuta una vidonda vya udongo mtupu, kila kimoja na umbo la bapa lililoondoka. Ikabidi wapande juu zaidi, palipobaki mawe. Huko waliinua bapa, wakalirudisha kwenye alama yake ileile, ndipo wakamweka kando aingie mwenyewe. Ukimweka kwanza kisha ushushe jiwe, utamponda. Ukilirudisha jiwe upande, mwanga huingia, udongo hukauka, na mijusi huhama.

Mwaka 2016 nchi za CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikutana Johannesburg, na kwa ombi la Kenya biashara ya nyoka huyu ikawekewa masharti, kwa kuwa kuna watu ng'ambo wanaomtaka kwa ajili ya zile pembe. Nafurahi. Ila mkataba ule unamtaja nyoka, haulitaji jiwe.

Nilikwenda kwa meneja kuuliza kama mawe yangeweza kurudi. Hakunicheka. Alitoa kikokotoo, akapiga hesabu ya lori kwenda, akanigeuzia nione. Mfukoni nilikuwa na nauli ya tuktuk.

"Mjomba, tuinue moja tuone?" Mpwa wangu alishaingia bustanini. Mzee hayupo tena, na mlinzi mpya alikuwa anatazama simu. Nikamwonyesha: ukingo wa mbali, vuta kuja kwako. Jiwe lilikuwa la moto hata tukalishika kwa kanga. Chini palikuwa na kizibo cha soda na sisimizi wachache.

Tukalishusha kwenye alama yake ileile. Alihakikisha mwenyewe, akalisukuma kidogo kushoto.