Nani Aliyeamua Kwamba Bondia Fulani Ameshinda?

Kila ninaposoma historia ya ndondi za kulipwa narudi kwenye swali lile lile: kabla ya kuwapo vyama, ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kutamka kwamba fulani ndiye bingwa?

Sheria za ulingoni zilitangulia vyama kwa miaka mingi. Jack Broughton aliandika zake London mwaka 1743: bondia akianguka, raundi imekwisha, naye ana nusu dakika ya kurudi kwenye mraba uliochorwa kwa chaki katikati ya jukwaa. Sheria za Queensberry za mwaka 1867, zilizobeba jina la Marquess wa Queensberry, mtu wa tabaka la juu Uingereza, lakini kwa kweli ziliandikwa na John Graham Chambers, zilileta glovu, raundi za dakika tatu na hesabu ya sekunde kumi. Hata hivyo, mwaka 1889 John L. Sullivan na Jake Kilrain walipigana mikono mitupu kwa raundi 75 huko Richburg, Mississippi, kwa zaidi ya saa mbili kwenye jua la Julai, kisha wote wawili wakafikishwa mahakamani, kwa kuwa pambano la namna hiyo lilikuwa kosa la jinai.

Kioja kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, kilitokea New York. Sheria ya Frawley ya mwaka 1911 iliruhusu mapambano ya raundi kumi, lakini ilimkataza mwamuzi kumtangaza mshindi kwa pointi. Mabondia wote wawili wakimaliza wakiwa wamesimama, watazamaji walirudi nyumbani bila jibu, na waliocheza kamari wakasubiri magazeti ya asubuhi, ambapo kila mwandishi aliandika alivyoona yeye. Gazeti moja lilimpa ushindi huyu, jingine likampa yule. Bingwa mjanja alihitaji tu kutoangushwa ili aondoke na taji lake. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1917.

Sheria ya Walker ya mwaka 1920, ya New York pia, ndiyo iliyoleta mwamko: raundi zisizozidi 15, majaji wenye haki ya kuamua, na tume ya jimbo inayotoa leseni kwa mabondia, mameneja na waamuzi. Mwaka uliofuata majimbo mengine ya Marekani yaliunda chama chao cha ndondi, NBA (National Boxing Association), lakini New York haikujiunga. Hapo ndipo penye mzizi wa fitina, kwani kila upande uliweza kumtambua bingwa wake katika uzito ule ule.

Uingereza ilipita njia nyingine. Klabu ya National Sporting Club, iliyoanzishwa London mwaka 1891, ilikuwa ya waungwana waliotazama ndondi kimya wakati wa raundi, na mikanda ya Lonsdale, wanayopewa mabingwa wa Uingereza, ilianza huko mwaka 1909. Bodi ya taifa ya ndondi ilichukua usimamizi mwaka 1929.

Kwa upande wa Marekani, NBA ilibadili jina mwaka 1962 ikawa WBA (World Boxing Association), na mwaka 1963 chama kingine, WBC (World Boxing Council), kikazaliwa Mexico City, kikiwa na mikanda yake yenyewe ya ubingwa.