Nilivyopiga hesabu ya safari ya ndege kutoka Singapore hadi New York

Nilipokuwa nikitafuta tiketi ya moja kwa moja kutoka Changi, Singapore, hadi uwanja wa John F. Kennedy, New York, niliona umbali umeandikwa kilomita 15,300 na ushee, na muda wa safari karibu saa 19. Nikagawanya harakaharaka. Ndege kubwa ya abiria hukata takriban kilomita 900 kwa saa, basi saa 17 zingetosha. Hizo nyingine zinakwenda wapi?

Nilianza na umbali. Ramani ya ukutani haifai kwa kazi hii, kwani ukiweka rula juu yake unapata mstari unaokatiza bahari ya Pasifiki. Nilichukua tufe na uzi. Uzi ulipokazwa kati ya miji hiyo miwili, ulipanda moja kwa moja hadi karibu kabisa na Ncha ya Kaskazini! Longitudo zinaeleza kwa nini: Changi iko nyuzi 104 mashariki, Kennedy karibu 74 magharibi. Jumla ni 178, pungufu kidogo tu ya nusu ya mzunguko wa dunia.

Hapo hesabu ikawa rahisi mno. Changi iko latitudo 1.4 kaskazini, kwa hiyo hadi ncha ni nyuzi 88.6. Kennedy iko 40.6, hivyo kushuka kutoka ncha ni 49.4. Jumla 138. Kila nyuzi moja ni maili 60 za baharini, na kila maili hiyo ni kilomita 1.852. Nikapata maili 8,280, yaani kama kilomita 15,335. Viwanja ambavyo havijakaa hivyo vinahitaji kanuni ya kosini, yaani hesabu ya pembe juu ya tufe, lakini kikokotoo cha simu chenye kosini kinaimudu.

Muda ndio wenye mambo. Ule ulioandikwa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka maegeshoni hadi inapoegeshwa tena, kwa hiyo foleni ya kurukia na mizunguko ya kusubiri kutua vyote vimo. Halafu kuna upepo. Huko juu, kwenye kilomita 10 hivi, mkondo wa upepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na kasi yake inaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Ndiyo maana marubani mara nyingi huiacha njia fupi ya ncha: wakitoka Singapore huufuata upepo juu ya Pasifiki, na wakirudi hupitia Atlantiki. Kilomita zinaongezeka, mafuta yanapungua. Binafsi, sasa umbali wa duara kuu, yaani ile njia fupi kabisa ya uzi juu ya tufe, nauchukua kama kiwango cha chini tu.

Kilichobaki ni saa za huku na kule. Majira ya kiangazi New York iko nyuma ya Singapore kwa saa 12 kamili, hivyo nikitumia muda wa saa 18 na dakika 40, ndege inayoondoka Singapore saa sita usiku inatua saa kumi na mbili na dakika 40 asubuhi, tarehe ileile. Kurudi ndiko kunakokula siku: ukiondoka Jumatatu saa nne usiku, unafika Jumatano saa kumi na dakika 40 alfajiri. Kwa kuwa hoteli nyingi hutoa vyumba kuanzia mchana, nililipia chumba tangu usiku wa Jumanne.