Askofu akitoka, b2 inabaki na nani?

Jumatatu Kibuye, hapa Kisumu, huwa kumetulia baada ya purukushani za soko la Jumapili, na meza yangu ya kukatia vitambaa hupata ubao wa sataranji. Mpinzani wangu ni mwalimu mstaafu wa mtaani. Nikishika nyeupe sina safari nyingi: askari d4, askofu f4, askari e3 na c3 (herufi na namba ni jina la mraba ubaoni). Mfumo wa London.

Niliupenda kwa sababu ya huyo askofu. Ukitanguliza askari wa e3, askofu wa c1 anafungiwa nyuma ya watu wake mwenyewe. Hapa unamtoa kwanza, ndipo unafunga mlango. Baada ya hapo c3, d4 na e3 wanakaa kama paa, na kulivunja ni kazi. Mwaka 2023 mjini Astana, Ding Liren aliutumia katika mchezo wa sita wa kugombea ubingwa wa dunia, akamshinda Nepomniachtchi na kusawazisha pointi.

Lakini mimi nilikuwa nacheza kwa mkono, si kwa macho. Siku moja Mwalimu alisukuma c5, akatoa farasi, akaweka malkia b6. Nikapeleka askofu wangu wa pili d3 kama kawaida, macho yote kwa mfalme wake. Malkia wake akamla askari wangu wa b2, Mwalimu akamlaza taratibu kando ya kopo la bobini. Nikaleta farasi d2 kuokoa ngome. Malkia akamla na wa c3. Askari wawili, na mfalme wangu hata hajafichwa!

Mwalimu alirudisha kete nyuma, akagusa c1.

“Fundi, huyu ndiye aliyekuwa akilinda b2. Ulipomtoa, zamu ulimwachia nani?”

Swali hilo ndilo lililonifungua macho. Siku hizi malkia wake akija b6, wangu anamkabili b3. Akimla, askari wa a anakula kurudi na ngome yangu inapata njia. Akisukuma c4, narudi c2, ila askofu wake akiruka f5 simgusi: nikimla, malkia wake anashuka b2 na ngome imekwisha, kwa kuwa farasi bado yuko b1. Hapo narudi c1 bila aibu.

Juzi alijaribu tena. Nilipoweka malkia b3 alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Akanyoosha mkono amrudishe wake c7, akaona askofu wangu pale f4 anaitazama c7, akaurudisha mkono mapajani.