Herufi L Iliyonirudisha Mjini

Laptopu yangu ni EliteBook 840 G1, ya mtumba, na ndiyo ninayofanyia hesabu za maduka matatu ya leso pale Biashara Street. Kazi yenyewe si ya ajabu: Excel, brauza, picha za risiti, basi. Lakini mwaka jana ilifika mahali nafungua faili, naenda jikoni kubandika maji ya chai, narudi, kile kiduara bado kinazunguka. Usiku diski ilikuwa ikikwaruza hadi mamangu, anayelala chumba cha pili, akanunua mtego wa panya.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Binamu yangu alisema ni virusi. Fundi mmoja alisema ifomatiwe. Nikamlipa, ikafomatiwa, na wiki mbili baadaye ikarudi vilevile. Mmoja wa wenye maduka akanishauri ninunue nyingine, utadhani si yeye anayenilipa.

Nilichotakiwa kukifanya tangu mwanzo hakina gharama yoyote. Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikafunguka Task Manager ya Windows, nikaingia kwenye ukurasa wenye grafu, nikatazama pa kumbukumbu, yaani RAM. GB 4, na asilimia 93 imeshaliwa, Excel hata sijaifungua. Hapo nikazielewa zile kelele za usiku. RAM ni kama meza ya fundi cherehani: vitambaa anavyovishona sasa hivi ndivyo vilivyo juu yake. Meza ikijaa, Windows huanza kuvirudisha vingine kabatini, yaani kwenye diski, na kuvifuata kila vinapohitajika. Diski yangu ni ile ya zamani ya kuzunguka, kwa hiyo kutwa mashine ilikuwa mbio kati ya meza na kabati. Ufomati mara kumi, meza haipanuki.

Ukurasa huohuo ulinionyesha mawili zaidi: kasi ya RAM ni 1600, na matundu ya kuchomekea RAM yanayotumika ni 1 kati ya 2. Tundu zima tupu, miaka yote hiyo! Modeli hii inabeba hadi GB 16, nane kila tundu. Niliamua kununua moja ya GB 8 na kuiacha ile ya 4 mahali pake, zipatikane 12. Wapo wanaoshikilia kwamba lazima zilingane. Zikilingana ni bora, lakini kwa prosesa hizi za Intel hata zisipolingana zinafanya kazi: GB 8 za kwanza, nne kutoka kila upande, husomwa kwa njia mbili kwa pamoja, na nne zinazobaki husomwa kwa njia moja. Kwa hesabu za leso, tofauti hiyo sitaiona.

Nikapanda matatu kutoka Bombolulu hadi mjini, nikaingia duka moja la ghorofani karibu na Moi Avenue. Kijana akavuta droo iliyojaa RAM kama njugu kwenye sinia, akachambua, akanipa moja. “DDR3, 1600, GB nane. Ndiyo yako hii, dada.” Shilingi 2,500. Nikaridhika, nikarudi.

Kuifungua ni rahisi kuliko nilivyoogopa. Nilizima, nikachomoa chaja, nikaigeuza. Chini kuna kitelezo. Ukikisukuma, kifuniko kizima kinateleza na kutoka bila bisibisi. Nikatoa betri, nikashikilia kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha nikagusa nondo za dirisha kutoa ule wa mwilini. Kwa unyevu wa Mombasa umeme huo si tatizo kubwa kama kwa walio na hewa kavu, lakini kugusa chuma hakugharimu kitu.

Nikaipachika, nikawasha. Skrini nyeusi. Taa ya Caps Lock inapepesa, feni inavuma, hakuna kingine. Sitadanganya, jasho lilinitoka. Kazi ya mwisho wa mwezi ilikuwa humo ndani. Nikazima, nikatoa ile mpya, nikawasha tena: ikawaka kama kawaida.

Ndipo nikafanya ambalo kijana hakulifanya. Nikaziweka zote mbili chini ya taa nikasoma karatasi zake. Ya zamani imeandikwa PC3L-12800S. Mpya, PC3-12800S. Herufi moja tu, L. Hiyo L maana yake RAM inatumia volti 1.35, ilhali isiyo na L inataka 1.5, na mashine zenye prosesa kama ya hii yangu hutoa 1.35 tu. Kinyume chake hakina shida: yenye L hustahimili hata 1.5, kwa hiyo ukikosa uhakika dukani, chukua yenye L.

Kesho yake nikarudi mjini. Kijana akaniangalia. “Dada, RAM ni RAM.”

“Basi soma hapa, kaka. Halafu soma na hapa.”

Kijana alikuwa bado anasoma, mzee aliyekaa nyuma ya kaunta na kikombe chake cha kahawa akainua kichwa. “Mpe ya L, mwanangu. Hizo haziwaki na ya kawaida.” Nikaongeza shilingi 300, hatukugombana.

Safari hii iliwaka, ila ikahesabu GB 4 zilezile. Kosa lilikuwa langu. Niliogopa kuisukuma. RAM ya laptopu huingizwa kwa kulazwa upande, pengo lake likikabiliana na kijino cha tundu, na unaisukuma hadi ile dhahabu ya miguuni karibu yote imezama. Ndipo unailaza hadi vishikizo vya chuma pande zote mbili vilie *tak*. Yangu ilikuwa imelia upande mmoja. Nilipoitoa nikaichomoa na ile ya zamani, maana miguu yake ilikuwa imefifia, nadhani ni hii hewa yetu ya chumvi. Nikaisugua taratibu kwa raba ya penseli, nikapuliza vumbi, nikazirudisha zote mbili. GB 12.

Usiku huo niliiachia Windows ijipime yenyewe. Unaandika mdsched pale pa kutafutia, inajiwasha upya na kukagua RAM. Haikukuta kosa.

Najua nitakaloulizwa: Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haizikubali prosesa za umri huu, sasa pesa zote hizo za nini? Zote zipi? Ni 2,800 tu. Nitaiwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, na RAM hii itatumika humo pia. Kinachofuata ni kuibadilisha diski yenyewe.

Sasa naanza kazi Excel na brauza zikiwa wazi, na kumbukumbu iko asilimia 45. Mama juzi kautoa mtego wake chini ya kabati, haujanasa hata kimoja. Anasema panya wamehama.