Niliilaumu asidi, kumbe kosa lilikuwa kwenye maji ya kusuuzia

Vipande vyangu vya chuma cha pua vilikuwa vikitoka kwenye asidi ya sitriki vinang'aa, na kesho yake vinaamka na madoa ya rangi ya kutu. Kila niliyemwuliza alinihakikishia kwamba asidi yangu ni hafifu, nami nikaiongeza mara mbili, nikaongeza na muda wa kuloweka, bila faida yoyote.

Kilichonifumbua macho ni kipande cha kioo. Nilidondoshea juu yake tone la maji ya kusuuzia, likakauka na kuacha duara jeupe. Asidi huondoa chembe za chuma cha kawaida ili utando wa kromi unaozuia kutu ujijenge, lakini kloridi iliyomo katika maji ya bomba, ikikaukia hapo, huutoboa utando huohuo. Nilipotia nitrati ya fedha, kemikali inayofichua kloridi, maji yaligeuka meupe kama maziwa, na vidole vyangu vikabaki vyeusi kwa siku kadhaa kwa sababu nilidharau glavu.

Nikanunua mtambo wa kuondoa ioni, yaani chembe za chumvi zilizoyeyuka majini, uliomeza sehemu kubwa ya akiba ya karakana. Kwenye mdomo wake kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme (chumvi ikizidi, nacho hupanda) kilisoma chini ya mikrosiemensi 5 kwa sentimita, ilhali maji ya bomba yalikuwa yakipita 600, nami nikajigamba mbele ya wenzangu wote. Madoa yakaongezeka! Siku mbili nilizunguka karakana nikiwa nimenuna, hadi nilipopima maji mahali yanapomwagikia: yalikuwa yakipita ndani ya bomba refu la chuma, la zamani, na maji yaliyonyang'anywa madini yana njaa, kwa hiyo yaliila kutu ya bomba na kuja kuitua juu ya kazi yangu. Bomba la plastiki, la bei ndogo kuliko vyote nilivyonunua, likayamaliza madoa.

Vilibaki vipande vyenye matundu yasiyotokea upande wa pili, vilivyovuja asidi baada ya saa nzima. Hivyo ninavizamisha, ninavipindua na kuvizamisha tena, kisha ninafyonza maji ya ndani ya tundu kwa bomba la sindano na kuyapima. Maji ya bomba bado ninayatumia kwa suuzo la kwanza, maana kuyamaliza maji safi kwa kuoshea asidi nzito ni ufujaji. Maji ya tangi la kusuuzia siyapimi tena. Ninapima matone yanayodondoka kwenye kipande chenyewe, na yakizidi mikrosiemensi 20 kinarudi majini.