Habari Yangu, kwa Mpangilio Wangu

Mimi ni mwanamume shoga, Mkenya, mzaliwa wa Voi na mkazi wa Nairobi, na watu waliolisikia jambo hilo kutoka kinywani mwangu bado ni wachache. Naandika kuhusu uchache huo kwa sababu vijana wengi ninaozungumza nao wanauonea aibu, wakidhani kwamba mtu ambaye hajawaambia wote ni mwoga au mnafiki, na kwamba hajajikubali kikamilifu mpaka asimame mbele ya ukoo mzima na kutamka. Sikubaliani na fikra hiyo hata kidogo.

Kujikubali kulitangulia, na hakukuhitaji shahidi. Nililelewa katika familia ya Kianglikana inayosali asubuhi na jioni, na kwa miaka mingi niliomba niondolewe hisia hizi. Nilipoacha kuomba hivyo haikuwa kwa kukata tamaa ya kusikilizwa, bali nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nimekwisha kujibiwa, na kwamba jibu lenyewe lilikuwa kuniacha kama nilivyo. Tangu nilipoweza kukiri moyoni kwamba ninapenda wanaume, bila kufuatisha kukiri huko na sala ya toba, nimekuwa mtu mzima ndani yangu. Yaliyofuata yalihusu wengine: nani aambiwe, lini, na kwa gharama gani.

Mwandishi Mkenya Binyavanga Wainaina aliutangazia umma kwamba yeye ni shoga mnamo Januari 2014, alipotimiza umri wa miaka 43. Katika insha aliyoichapisha alieleza kwamba alijijua tangu akiwa na umri wa miaka 5, na insha yote aliielekeza kwa mama yake, akijiwazia yuko kando ya kitanda chake cha mauti na kumwambia ukweli. Mama huyo alikuwa amefariki mwaka 2000, na mwanawe hakuwahi kufika kumuaga. Miaka 38 ilipita kati ya kujua kwake na kuutangazia umma, na katika miaka hiyo aliandika, alianzisha jarida, aliwalea waandishi chipukizi. Sioni uongo wowote katika maisha hayo. Naona mtu aliyengoja mpaka maneno yake yakaiva, ingawa naumia kila ninapokumbuka kwamba mtu aliyetaka hasa kumwambia hakuwapo tena kuyasikia.

Binyavanga alifariki tarehe 21 Mei 2019. Siku tatu baadaye, majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Nairobi walikataa ombi la kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vilivyorithiwa kutoka kwa utawala wa Waingereza, ambavyo cha kwanza kinaweza kumpeleka mtu gerezani kwa miaka 14. Ni vyema ieleweke kwamba vifungu hivyo huadhibu tendo la ngono, wala si kosa kisheria mtu kusema kwamba yeye ni shoga. Lakini mwenye nyumba anayetaka kukufukuza hasomi Kanuni ya Adhabu kwa makini kiasi hicho, na mwajiri pia hasomi. Hata Mahakama ya Juu ilipoamua, tarehe 24 Februari 2023, kwamba shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji lina haki ya kusajiliwa kama mashirika mengine, wiki zilizofuata zilijaa mahubiri, maandamano na kauli kali za wanasiasa, na wengi wetu tuliokuwa tukijiandaa kumwambia mzazi au rafiki tuliahirisha. Nasi tulikuwa tumeshinda kesi!

Kwa hiyo, kijana ambaye karo yake inalipwa na mzazi anayeweza kumfukuza nyumbani, mimi simhimizi kusema. Namwambia amalize masomo, awe na kodi yake ya nyumba na awe na mahali pa kulala usiku ule mambo yakiharibika. Na akisema, aseme kwa mdomo, kwa sababu ujumbe wa simu hupigwa picha na kufika kwenye kundi la familia kabla chai haijapoa. Kuna wenzangu wanaoniona mwangalifu kupita kiasi. Huenda ni kwa sababu wao waliposema walikuwa na pa kwenda.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa dada yangu mkubwa. Alinyamaza, akanitazama, kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?" Nilipomjibu kwamba hakuna, alisema, "Basi mimi sijui mpaka utakaponiambia kwamba naweza kujua." Sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko hiyo. Hakuniuliza kama nina hakika, wala hakunipa pole. Alichotambua mara moja ni kwamba habari ile bado ilikuwa yangu, na kwamba kazi yake ilikuwa kunisaidia kuilinda.

Kwa Mama mambo yalikuwa mazito zaidi, na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitarajia. Katika familia zetu habari ya mtu mmoja haikai kwa mtu mmoja. Kuna wajomba na mashangazi, kuna kina mama wa kanisani, kuna kamati za harusi ambazo Mama huchangia kila mwaka kwa imani kwamba siku moja michango hiyo itarudi kwa ajili ya mwanawe. Nilipomweleza, hakupiga kelele wala hakulia. Alisema, "Mwanangu, nikiulizwa utaoa lini, nijibu nini?" Wakati ule swali hilo liliniuma, kwa kuwa nilidhani anajali maneno ya watu kuliko mimi. Sasa nalielewa kwa namna nyingine. Mimi nilikuwa nimechukua miaka kuandaa sentensi moja, naye alitakiwa kuipokea na, Jumapili iliyofuata, kuketi katikati ya wanawake wanaomwuliza habari za mkwe. Nilikuwa nimemkabidhi siri ambayo hakuwa na mtu wa kumshirikisha.

Tulikaa miezi kadhaa tukiongea kuhusu mvua, mifugo na bei ya unga. Kisha akanipigia simu na kuniarifu kwamba amepata jibu lake: akiulizwa, atasema kwamba mwanawe ni mtu mzima na mambo ya nyumba yake anayajua mwenyewe. Aliniuliza kama naridhika na maneno hayo. Niliridhika, tena sana, kwa maana hayakuwa na uongo ndani yake na hayakunitangaza. Mwendo ule wa polepole ninaoudai kwa ajili yangu, yeye pia aliuhitaji, na natamani kila anayejiandaa kumwambia mzazi wake ampe nafasi hiyo, mradi tu ukimya wa mzazi usigeuke kuwa adhabu.

Ubaya wa kunyang'anywa mpangilio huu tuliushuhudia kwa majirani zetu. Mnamo Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha majina na picha za watu liliowaita mashoga, pamoja na wito wa kuwanyonga. David Kato, mwalimu na mtetezi wa haki, alikuwa miongoni mwao. Yeye na wenzake wawili walilishtaki gazeti hilo na kushinda mapema Januari 2011. Tarehe 26 ya mwezi huohuo aliuawa nyumbani kwake. Kato mwenyewe alikuwa amekwisha kujiweka wazi kwa hiari yake, lakini wengi kwenye kurasa zile hawakuwa wameamua, na baadhi walilazimika kuhama makazi. Ndiyo maana nawasihi wale wanaoaminiwa na habari ya mtu, hata wakiwa na nia njema kabisa, wasimsaidie kuieneza. Rafiki anayesema "nilimdokezea tu mjomba wako ili kukurahisishia" amechukua kitu ambacho hakiwezi kurudishwa.

Baba bado hajui. Mama ameniomba nisimwambie mwaka huu, kwa sababu afya yake si nzuri, nami nimekubali bila kujihisi mdogo. Nitakapoamua, nitamwambia mwenyewe, ana kwa ana, nyumbani Voi, na Mama na dada yangu watakuwa wamearifiwa mapema ili asiwepo atakayeshtukizwa na swali la Jumapili.